Kisahani

Fomu imeacha mraba mtupu, mpana kama kiganja:
*Chora mahali pa ajali. Onyesha magari yote.*
Sijui kuchora duara. Nimefunika kisahani cha chai
nikakizungushia kalamu, na tone lililobaki
limelowesha ukingo wa karatasi,
pale penye barabara ya kwenda Killala.

Miaka ishirini na saba nawafundisha watu wa Ballina udereva.
Kiplefti niliwafundisha kwa uso wa saa:
wewe unaingilia chini kabisa.
Ukitoka kabla ya kilele, au kileleni penyewe, shika kushoto.
Ukikivuka kilele, shika kulia.
Wamepita mikononi mwangu wachinjaji, watawa wawili,
mjane aliyelia kila alipoweka gia ya kurudi nyuma,
na Fiachra Loftus, mwana wa mwoka mikate,
aliyefeli mara tatu, na zote tatu nikamlaumu mtahini.

Alhamisi, saa mbili kasorobo, manyunyu
(yale ambayo huku hatuyahesabu kuwa mvua),
niliingia kushoto, naenda moja kwa moja,
kama nilivyoingia mara elfu,
redio ikitangaza misiba ya kata na saa za mazishi.
Kulia kwangu gari jeupe la mikate likakunja litoke.
Tuliitaka njia moja.
Mlango wangu ukatoa mlio wa kopo linalofunguliwa,
kisha kimya, kisha harufu ya mikate ya moto.

Alishuka na unga kwenye nyusi.
"Samahani, Bibi Munnelly. Samahani. Samahani sana."
Nami ndiye niliyemfundisha, kwa kinywa changu hiki:
ukigongana piga picha, andika namba, funga mdomo,
maana samahani yako itasomwa na watu wasiokujua.
Alizimwaga tatu juu ya lami
mbele ya dereva wa lori la maziwa.

Ndipo nikatazama chini.
Rangi mpya. Baraza lilipaka tangu Oktoba.
Mshale wangu ulipinda kushoto, kushoto tu,
kwenda hospitali, mweupe kama meno ya bandia.
Wake ndio uliosema: mbele, na kulia.
Yeye alisoma barabara. Mimi nilisoma kichwa changu.
Waliosema mganga hajigangi
hawakusema, mganga akigongwa na mgonjwa aliyempona mikononi,
nani alipe dawa.

Binti wa bima ana sauti ya pamba.
Anasema hakuna kamera. Anasema mwenzangu
ameandika mwenyewe kwamba aliomba radhi (mtoto huyu!).
Anasema, bila kuniambia niseme nini,
kwamba za kwenye mizunguko mara nyingi hugawanywa nusu kwa nusu,
na penye samahani, pengine zaidi ya nusu.
Punguzo langu lina umri wa miaka kumi na tisa.
Fiachra ana ishirini na mbili; bima yake
hata kabla ya Alhamisi ilikuwa ghali kuliko gari.

Wala sihitaji uongo.
Nichore duara, nichore magari mawili,
nisahau mishale.

Nimechora mishale.
Wa kwangu umetoka mnene, kalamu imevuja.
Chini yake nimeandika: *Njia ya kushoto ni ya hospitali tu.
Nilikuwa njia ya kushoto. Sikuwa nakwenda hospitali.*

Jioni nimerudi pale na Dervla, somo lake la pili.
Mlango wa dereva haufunguki; ameingilia upande wangu,
akaruka gia kwa aibu, sketi ikanasa.
"Tunatokea wapi?" akauliza.
Zunguka tena, nikamwambia.
Tukazunguka mara tatu, yeye akiisoma mishale kwa sauti,
nami nikiifuata kama mtoto wa chekechea.
Mara ya nne gari la mikate likapita,
likapiga honi moja, fupi.
Dervla akaniuliza maana yake.